Nesi Mwenye Mikono Mikubwa

Katikati ya jicho langu la kulia pamechakaa. Hivyo ndivyo alivyoniambia daktari wa macho, kijana mpole anayenukia sabuni. "Ni umri tu, nyanya," akasema, kana kwamba umri ni kitu cha mtu kuwa nacho tu. Nikimtazama usoni naona masikio mawili na kola ya shati, lakini pale pua inapopaswa kuwa pana kitu kama ukungu wa asubuhi. Milango nayo imepinda. Kwa hiyo ananidunga sindano ndani ya jicho, tena na tena, na watu wakisikia hivyo hushika macho yao wenyewe. Mimi sioni kama ni jambo kubwa. Nilikaa na mama yangu alipopasuliwa jicho zamani, wakati Uhuru ulikuwa bado mpya, na siku zile kupasuliwa jicho maana yake ilikuwa kulala chali kama gogo, kichwa kati ya mifuko ya mchanga, usicheke, usikohoe, usigeuke. Na mama yangu alikuwa mtu wa kucheka.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wajukuu wangu waliozaliwa mjini wanakisikia Kigusii lakini hawawezi kukisoma. Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, hata la mwenye ng'ombe aliyetuzibia barabara siku tulipokuwa tukienda hospitali. Siyaandiki. Wengine wana wajukuu wakali.

Mama alikuwa fundi wa viraka katika soko la Magwagwa. Hakuwa na cherehani. Alikuwa na sindano, mkono wake, na shuka moja aliyoitundika kwenye kamba. Ukichanika suruali unaingia nyuma ya shuka, unaivua, unaipitisha juu, unasimama huko na miguu yako mitupu mpaka akurudishie. Wanaume wa heshima zao, walimu na wazee wa kanisa, walisimama nyuma ya shuka ile wakizungumza habari za bei ya pareto kama watu waliovaa. Mama alijua siri za suruali zote za Magwagwa. Kiraka chake ulikuwa hukioni. Ulikuwa unapapasa na kidole ukitafuta mahali palipokuwa pamechanika, na hupapati.

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kunifundisha mimi kushona. Alijaribu tangu nikiwa mdogo. Mshono wangu ulikwenda huku, ukajuta, ukarudi. Alikuwa akiutazama na kusema, "Huyu tutamwoza kwa mtu anayevaa blanketi." Nikaolewa na mtu anayevaa suruali, dresa wa hospitali, yule anayefunga vidonda na kuweka dawa. Mama akamhurumia.

Kisha macho yakaanza kumwacha. La kushoto lilikufa kabisa, kimyakimya. La kulia likawa na wingu jeupe katikati, mtoto wa jicho, likazidi kila msimu wa kuvuna wimbi. Mwanzoni alificha. Tukajua siku mwalimu mmoja alipoingiza mguu kwenye suruali yake nyuma ya shuka, mguu haukutokea upande wa pili. Mama alikuwa ameshona mguu wa suruali ukafungwa pande zote kama mto wa kulalia. Mwalimu akaanguka pamoja na shuka na kamba, mbele ya wanawake wa ndizi. Muda mfupi baadaye akashona mfuko wa mzee mmoja ukafungika, sigara zake zikiwa ndani. Halafu akajishona yeye mwenyewe, sketi yake pamoja na koti la mteja, na mteja alipoinuka kuondoka wakaondoka wote wawili.

Watu wakaendelea kumletea nguo, lakini sasa walikuwa wakileta za kujifanya, matambara, ili asijisikie vibaya. Naye aliyajua kwa kuyashika. Jioni moja akaniambia, "Wananiletea nguo za kupangusia meza. Wananishonesha kama mtoto anayepewa unga achezee." Hakucheka aliposema hivyo. Hapo ndipo nilipoogopa, maana nilikuwa sijamsikia akisema jambo lolote bila kucheka mwishoni.

Wakati huo kulikuwa na daktari Mzungu aliyekuwa akizunguka na gari lake akipasua macho, leo hospitali hii, mwezi ujao nyingine. Mume wangu akaleta habari kwamba anakuja katika hospitali anakofanyia kazi yeye, huko Kisii. Mama akauliza swali moja tu.

"Mkwe wangu yuko kwenye hospitali hiyo?"

"Amehamishiwa Nyamache," nikasema. Haikuwa kweli, lakini ningesema kweli asingekubali kwenda.

Lazima niwaeleze hapa, nyinyi mnaokumbatiana na wakwe zenu mbele ya kamera. Sisi Abagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima na haya zikiwa zimesukwa kamba moja. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na mama akiwa amelala, hata akiwa anaumwa, mkwe haingii alipo. Wakikutana njiani, mama anatoka njia, anaingia majanini mpaka mkwe apite. Ndiyo maana mkwe mwenye adabu hukohoa kabla hajafika kwenye kona, ili mama apate nafasi ya kuondoka. Mume wangu alikuwa na kikohozi chake maalumu cha kwenda kwa mama: vifupi viwili halafu kirefu, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mama akikisikia, hata akiwa ameshika chungu cha moto, alikuwa ameshafika kwenye migomba.

Nilifikiri itakuwa rahisi. Mume wangu alikuwa wa wadi ya wanaume na mama atakuwa ya wanawake. Tukafika, mama akapasuliwa salama, akalazwa chali, macho yote mawili yakafungwa bendeji, mifuko ya mchanga huku na huku. Daktari akaniita mlangoni. Alikuwa na Kiswahili chake cha kukatakata.

"Mama huyu hapana inuka. Hapana cheka. Yeye inuka, jicho fungua pale mimi nakata, maji toka. Mimi hapana jicho ingine ya kumpa."

Nikasema ndiyo. Kisha akasema, "Nesi ya macho yuko likizo, yuko karibu kuzaa. Nimechagua dresa moja mzuri sana. Mkono yake hapana tetemeka." Akamsogeza mbele mume wangu.

Mkono wake ulikuwa unatetemeka kama jani la mgomba.

Tulipobaki wenyewe kwenye ukumbi, akaegemea ukuta. "Mimi siwezi kumgusa mama yako. Amelala. Afadhali nikaombe kazi ya kuchimba barabara."

"Ukienda barabarani nani ataweka dawa kwenye jicho?"

"Mwambie daktari aje mwenyewe."

"Daktari kesho asubuhi anakwenda kwingine. Atarudi siku ya kufungua. Wewe ndiye uliyefundishwa."

Akaanza kuzunguka ukumbini. Mume wangu alikuwa mtu wa kufikiri kwa miguu, anazunguka. Mwishowe akasema, "Pale chumba cha kupasulia wana kitambaa chenye tundu moja katikati. Mkimfunika uso wote nacho, libaki jicho tu, nitaweza. Jicho peke yake si mama mkwe."

Nikaona hilo ni sahihi. Wazee hawakuwa wamesema lolote kuhusu jicho peke yake.

"Na sauti?" nikauliza.

"Sitasema kitu. Utasema wewe."

Ndivyo nilivyokuwa nesi. Saa ya dawa mume wangu alikuwa akiingia kwa viatu vya raba, anasimama nyuma ya kitanda upande wa kichwa, nami nalegeza bendeji, nafunika uso wa mama kwa kile kitambaa, kisha nabana pua na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ya yule mama aliyekuwa akisoma matangazo kanisani kwetu, "Hujambo, mama. Mimi ni nesi. Nimekuja na dawa." Halafu naachia pua na kusema kwa Kigusii, kwa sauti yangu mwenyewe, "Mama, nesi amekuja na dawa." Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni tu, punguza, ongeza, toka hapa. Kwa hiyo alinitegemea nimfasirie maneno yangu mwenyewe.

Shida ni kwamba mimi niliacha shule darasa la tatu. Kiswahili changu siku zile kiliisha haraka. Mama alikuwa na maswali mengi, naye nesi alipaswa kujibu kwa kirefu, kama wanavyojibu watu waliosoma. Yaliponiishia maneno nikaanza kusoma kitabu cha darasa la pili kutoka kichwani.

"Muulize kama nitaweza kutunga uzi kwenye sindano tena," mama akasema.

Nikabana pua. "Hili ni dirisha. Lile ni dirisha. Juma anafagia. Ng'ombe wetu ana pembe."

"Amesema nini?"

"Amesema jicho linaendelea vizuri, usiwe na haraka."

Kwenye kitanda cha pili alikuwa mama mmoja wa Marani, mke wa mwenye duka, aliyevunjika mguu. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa hewani kwa kamba na jiwe. Huyu alijua Kiswahili, na macho yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Alimwona dresa mrefu mwenye masharubu akiweka dawa, akaniona mimi nimebana pua, akasikia habari za ng'ombe na pembe. Alijiuma mkono. Jiwe lake likaanza kupanda na kushuka.

"Huyo jirani analia?" mama akauliza.

"Mguu unamuuma."

"Mbona analia kama mtu anayecheka?"

"Watu wa Marani hulia hivyo."

Mama wa Marani akavuta blanketi akajifunika uso. Nikaona kitambaa kinaanza kupanda kwenye pembe za mdomo wa mama yangu, nikakumbuka maneno ya daktari. "Mama, usicheke. Fikiria kitu kibaya."

"Nimefikiria mshono wako," akasema. Akatulia.

Siku zikaenda. Mama akawa anamchunguza nesi. "Mbona nesi huyu ana mikono mikubwa hivi? Kidole chake kimoja kimefunika shavu langu lote."

"Kwao ni watu wakubwa."

"Ameolewa?"

Nikabana pua nikasema kuhusu Juma na ufagio, kisha nikafasiri kwamba bado.

"Sishangai," akasema mama. "Ana sauti ya mbuzi aliyefungiwa ndani. Lakini mkono wake ni mwepesi, mwambie. Mwambie namshukuru."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amesimama na chupa ya dawa, anatazama dari, na masikio yake yalikuwa mekundu kadiri masikio ya mtu mweusi yanavyoweza. Tangu tuoane mama hakuwa amemwambia neno moja la moja kwa moja, na sasa alikuwa ameshukuriwa akiwa mwanamke.

Kisha ikaja alasiri ile. Mvua ilikuwa imenyesha, bati linapiga kelele, mimi nimekaa kwenye kigoda namlisha mama uji wa wimbi kwa kijiko. Mume wangu alikuwa ametoka kufunga kidonda cha mtu upande wa wanaume, amechoka, mawazo yako mbali. Akafika mlangoni kwetu. Na kwa kuwa mwili wake ulijua kwamba ndani yuko mama mkwe, mwili ukafanya kile ulichofundishwa tangu siku ya posa.

Ukakohoa. Vifupi viwili, halafu kirefu.

Mama alianza kuinuka. Mikono yake miwili ikashika kando za kitanda, mgongo ukaacha godoro, mfuko mmoja wa mchanga ukaanguka sakafuni. Hakuwa anaamua. Mama yangu alikuwa anatoka njiani ili mkwe apite.

Nikaachia uji nikamlalia. Nililala juu ya kifua chake mzimamzima, nikakishika kichwa chake kwa mikono yote miwili. "Lala, mama. Jicho litamwagika."

"Mkwe anakuja. Nipishe."

"Hakuna mkwe hapa. Mkwe yuko Nyamache."

"Nimemsikia."

"Ni mgonjwa wa kifua. Wamejaa hapa, wanakohoa kila namna."

Mume wangu alikuwa amegeuka pale mlangoni na kukimbia. Tulisikia viatu vyake vya raba vikiteleza kwenye maji ya mvua, kisha ndoo, kisha kimya. Mama wa Marani, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka, akakohoa kutoka kitandani kwake, vifupi viwili na kirefu, akasema kwa Kigusii safi, "Samahani, mama, ni mimi. Kifua hiki kitaniua."

Mama akabaki hivyo, nusu juu nusu chini, mimi juu yake na uji juu yetu sote. Kisha mgongo wake ukarudi kwenye godoro, polepole. Akavuta pumzi. "Pole," akamwambia mama wa Marani. "Kifua chako kimesomea adabu."

Bendeji ilikuwa imelowa upande mmoja. Sikujua kama ni uji, au jasho, au ndiyo yale maji ya jicho aliyoyasema daktari. Mume wangu aliporudi, suruali ya kaki imechanika nyuma kutoka mshipi mpaka chini kwa sababu ya ile ndoo, akabadilisha bendeji. Nikamtazama anione machoni, aniambie. Akatikisa kichwa. Hajui. Jicho limevimba, limekuwa jekundu, atajua daktari.

Jioni ile nikamshonea suruali nje kwenye ngazi. Uzi uliokuwepo ulikuwa mwekundu tu, wa mama wa Marani aliyekuwa akifuma kitambaa cha meza. Nilishona huku mawazo yangu yote yakiwa ndani ya wadi. Mshono ukaenda huku, ukajuta, ukarudi.

Tangu hapo mama alibadilika. Hakuuliza tena nesi anasema nini. Saa ya dawa alikuwa ananyoosha mikono kando ya mwili kama askari, anageuza kidevu kidogo upande wa ukuta, na anajifunika shuka mpaka shingoni mwenyewe. Hakucheka hata kidogo. Nilimwambia hadithi za kijinga nikijaribu kujua kama bado yumo humo ndani. "Nyamaza," alisema. "Jicho langu moja, na mdomo wako mmoja. Tutunze vyote."

Daktari akarudi. Asubuhi hiyo akavuta kiti, akamkalisha mama, akaanza kufungua bendeji mzunguko kwa mzunguko. Mume wangu alilazimika kuwepo kushika sinia la vyombo. Hakukuwa na kitambaa chenye tundu sasa. Akafanya kitu pekee chenye heshima ambacho mtu angeweza kufanya: akageuka, akampa mama mgongo, akatazama dirisha.

Bendeji ikaisha. Mama akafungua jicho, akalifunga, akalifungua. Machozi yakatoka. Daktari akachungulia ndani na kurunzi yake, muda mrefu, akiguna. Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda cha mama wa Marani, naye amenishika mkono.

"Anaona nini?" daktari akaniuliza.

Nikamuuliza mama. "Weupe," akasema. "Weupe mwingi, na kitu kama gunia limesimama."

Nikadhani jicho limekwenda. Lakini daktari hakusikitika. Akatoa kwenye boksi miwani minene kama matako ya chupa. Alitueleza kwamba ule mtoto wa jicho ametoka pamoja na kile kioo cha ndani cha jicho, sasa hii miwani ndiyo kioo. Ukiivaa unaona, na kila kitu kinakuwa kikubwa kuliko kilivyo. Akamvalisha.

Jicho la mama, ndani ya kioo kile, lilikuwa kubwa kama yai. Lilitazama mbele, moja kwa moja, pale lilipoelekezwa na kiti. Mbele yake, hatua chache, kwenye mwanga wote wa dirisha, palikuwa na suruali ya mkwe wake.

"Anaona nini?" daktari akauliza tena.

Mama akaanza kugeuza uso kuelekea ukutani, polepole, kwa adabu zote. Alipokuwa amefika ukutani kabisa ndipo aliposema, kwa Kigusii.

"Mwambie naona suruali ya kaki. Imechanika nyuma, ikashonwa kwa uzi mwekundu. Na mshono unatembea kama kuku aliyelewa pombe." Mabega yake yakaanza kutikisika. "Aliyeshona vile nilimzaa mimi. Sasa ikiwa kuna mtu mwingine humu ndani ambaye huyo binti yangu anamshonea suruali, basi mtu huyo na atoke, maana nataka kucheka na siwezi kucheka mbele yake."

Mume wangu alitoka kwa kutembea upande, mgongo ukutani, kama kaa, sinia limefunika nyuma.

Mama wa Marani alilia kwa namna ya watu wa Marani mpaka nesi wa kweli akaja kuangalia jiwe lake. Mama alicheka hadi miwani ikashuka puani. Daktari akauliza, "Amesema nini?"

"Amesema anaona vizuri," nikajibu.

Tulipokuwa tukifunga mizigo nilimuuliza tangu lini alijua. "Tangu kikohozi," akasema. "Ningesema najua, ingebidi niinuke. Nikisema sijui, naweza kulala. Nilichagua jicho." Kisha akaongeza, akinitazama kwa lile yai, "Ungeniambia mapema nisingesikiliza habari za ng'ombe wako. Pembe, pembe, kila siku pembe. Hilo neno nalijua, sokoni wanauza pembe za kuwekea dawa."

Alirudi Magwagwa na shuka yake na kamba yake. Nguo ya kwanza kuletewa ilikuwa suruali moja ya kaki, haina mwenyewe. Niliileta mimi, na hatukusema ni ya nani, kwa sababu mama mkwe hagusi suruali ya mkwe. Aliifumua yote kwa subira. Iliporudi nilipapasa nyuma na kidole nikitafuta mahali palipochanika, sikupata. Ndani ya mfuko alikuwa ameuweka ule uzi wangu mwekundu, ameuviringa kwenye kijiti, nisije nikasema ameniibia.

Na mpaka alipotuacha, kila nilipokwenda kumwona, wakati wa kuagana alinisindikiza mpaka kwenye migomba, akarekebisha miwani, akasema, "Nisalimie yule nesi. Amepata mume?"

Nikifika nyumbani nampa mume wangu salamu zake. Naye, popote alipokuwa amekaa, alikuwa anasimama kidogo, anatazama pembeni, na anakohoa.